Baiskeli Mpya, Koo Bovu

Nianze na ubaya wake, maana uzuri wake nilikataa kuuona kwa muda mrefu. Haina keria. Haina stendi, haina kengele, haina madigadi. Ukiiegemeza ukutani inateleza chini kama mlevi. Kiti chake ni chembamba na kigumu, na mimi wakati ule sikuwa na nyama ya kukalia, mionzi na njaa vilikuwa vimeimaliza. Ilipoletwa ikiwa ndani ya boksi nilimpigia simu binti yangu Chelangat, anayefanya kazi Nairobi, nikamwuliza kwa hii sauti yangu ya kukwaruza:

"Baiskeli gani haiwezi kubeba hata mkebe wa maziwa?"

"Si ya kubeba maziwa, baba. Ni ya kukubeba wewe."

"Nani amekuambia nataka kubebwa?"

"Daktari alisema mazoezi. Hiyo ni haibridi, ni ya lami na ya barabara ya udongo pia. Wewe panda tu."

Haibridi! Kwetu Merigi haibridi ni mahindi. Mke wangu Rael alicheka mpaka akaketi juu ya ndoo ya kukamulia, na kwa vile sikuwa nimemsikia akicheka tangu niugue, nilimwacha acheke. Kisha nikaisukuma hiyo baiskeli nyuma ya ghala la mahindi nikaifunika gunia.

Naandika haya kwa ajili yako wewe unayeketi sasa kwenye benchi la hospitali ukimeza mate kwa shida. Ugonjwa unatoka wapi, hayo waulize waliosomea. Mimi nitakuambia watu watakufanyia nini. Na kama unatafuta maneno matamu ya kukutuliza, yapo mengi kanisani. Mimi bado nina hasira, na hasira ndiyo kitu pekee mwilini mwangu ambacho mionzi haikukikondesha.

Ilianza, au nilidhani ilianza, msimu wa kupalilia mahindi. Tonge la ugali lilinikwama hapa, chini ya koromeo, nikalisukuma kwa chai. Siku nyingine ikawa mandazi. Nikasema ni vidonda vya tumbo, nikanunua dawa kwa duka la dawa, nikaendelea kuchuma chai yangu. Tulipofika kuvuna mahindi nilikuwa siwezi kumeza kitu ila maziwa, na mshipi wangu nilikuwa nimeutoboa matundu mapya kwa msumari. Kaka yangu mkubwa, Kiprono, ndiye aliyenipeleka kupimwa. Waliteremsha mpira wenye kamera kooni, wakanitoa, wakaniambia nikae nje. Halafu daktari akamwita Kiprono ndani. Kiprono! Koo ni langu, anayeitwa ni Kiprono.

Alitoka akiangalia viatu vyake. "Ni kidonda tu," akasema. "Watakichoma kipone."

Jina la ugonjwa wangu nililijua kwa kusoma kibao kilichokuwa juu ya mlango, Nairobi, nikiwa nimeshaketi kwenye foleni ya watu waliokauka. Kansa. Nilimgeukia Rael nikamwonyesha kibao kwa kidole. Akaanza kulia, nikajua alijua. Kanisa lilijua. Kule kituo cha kupimia majani walijua, hata dereva wa lori la chai alijua. Watu walikuwa wameniombea kwa majuma, mimi mwenyewe nikiitikia "Amina" bila kujua naombewa nini. Shuleni tuliandikishwa mpaka mikono ikauma kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Tukapata alama nzuri, tukarudi nyumbani kuficha.

Mionzi ilikuwa kila siku isipokuwa wikendi. Nilikaa kwa Chelangat, naye alikuwa akiniacha kwenye benchi lile asubuhi akienda kazini na kunichukua jioni. Kulikuwa na mzee mmoja wa Soin mwenye koo kama langu. Yeye alikuwa akifika mapema kuliko wote, akinishikia nafasi kwa kofia yake ya sufu, na nikifika anaiondoa bila neno, maana sote wawili kuongea kulikuwa kunaumiza. Huo ndio wema ninaoukumbuka kuliko maombi yote. Jumatatu moja kofia haikuwepo. Niliketi mahali pake, na sikumwuliza nesi.

Ngozi ya shingo ikawa nyeusi, ikabambuka. Ndevu za upande wa kushoto zikaacha kuota na hazijarudi hadi leo, kwa hiyo nikijiangalia kwenye kioo naona watu wawili. Mate yakakauka kabisa. Hili hakuna aliyenionya, basi nakuonya mimi: utaishi na chupa ya maji mkononi kama mtoto. Chakula nilikuwa nakipata kwa mpira uliopitishwa tumboni, Rael akisaga viazi na maziwa na mayai, akimimina polepole huku akiangalia pembeni. Mwanamke aliyenipikia miaka yote sasa ananijaza kama gari. Siku moja, tukiwa tumesharudi nyumbani, alimwaga ile kitu yote nje, akaenda kulia zizini na ng'ombe. Sikumfuata. Nilijua analilia nini.

Nilirudi Merigi mvua kubwa zilipoanza, na hapo ndipo wageni walipoanza kuja. Wewe ambaye si wa huku huenda hujui chai yetu. Inatoka motoni ikibubujika na inanywewa hivyo hivyo. Ukiipuliza unaulizwa kama wewe ni mtoto. Na ukikataa chai ya mtu, umemkataa yeye, mama yake na ng'ombe aliyetoa maziwa. Wanasema mgonjwa haulizwi uji. Basi mimi niliyechomwa koo kwa mashine nililetewa chai ya moto asubuhi, mchana na jioni, na wageni wakikaa wakinitazama mpaka ninywe. "Jaribu, Baba Chela. Chai haiwezi kukudhuru." Nikikataa: "Ugonjwa umemfanya awe na maringo." Nikainywa mara moja ili waondoke. Rael atakuambia nilivyojikunja sakafuni.

Mpira ulitolewa tumboni mwanzo wa kiangazi, na baiskeli ikaja baadaye kidogo. Ingeoza nyuma ya ghala kama si habari niliyoletewa.

Kijana wa Sigor alikuwa anataka kumwoa Chelangat, na wazazi wake walikuwa waje kwa koito, ile siku ya kukaa familia mbili, kuulizana na kupatana ng'ombe. Nilikuwa najua wanakuja. Nilikuwa nimemwambia Rael apake ukuta rangi. Asubuhi moja akiwa anakamua, akaniambia bila kuinua kichwa:

"Kiprono amesema koito itakuwa kwake."

"Kwa nini iwe kwake?"

"Anasema wewe bado hujapona vizuri. Yeye atakaa mahali pa baba. Wewe utapumzika nyumbani."

"Yeye ndiye baba ya Chela?"

"Baba Chela, usinipigie kelele mimi. Nenda umpigie yeye."

Kelele! Sauti yenyewe sina. Kiprono anakaa ng'ambo ya mto, mteremko mrefu na mlima mrefu zaidi, na miguu yangu haikuwa na nguvu ya huo mwendo. Bodaboda sikutaka, maana dereva wake angeenda kusimulia. Nikaenda nyuma ya ghala, nikang'oa gunia.

Sasa nitasema ukweli wa hiyo baiskeli. Kitu cha kwanza nilichokiona ni kwamba ni nyepesi. Nilizoea ile nyeusi ya zamani, ya chuma tupu, ambayo ukiipandisha mlima unakuwa umefanya kazi ya punda. Hii niliiinua kwa mkono mmoja, mimi niliyekuwa siwezi kuinua mkebe uliojaa. Nikapanda, nikakanyaga, ikaruka mbele kabla sijajitayarisha, nikaparamia ua wa kuku. "Woi!" Rael akapiga kelele. Nikaitoa, nikapanda tena.

Usukani wake umenyooka, unakufanya uiname kidogo mbele, si sana. Shingo yangu, ambayo mionzi iliikausha kama ngozi ya ngoma, ililalamika kisha ikazoea. Gia ziko kwenye kidole gumba, ukibonyeza unasikia "klik" na miguu inapata nafuu hapo hapo. Kwenye mteremko nilishika breki kama nilivyozoea kushika za ile ya zamani, kwa nguvu zote. Ala! Gurudumu la nyuma likainuka nusura nipite juu ya usukani. Hizo breki ni za diski, zinataka kuguswa, si kukamatwa. Ukiinunua, kumbuka hilo kabla ya meno yako.

Na kuna kitu kimoja nilichokidharau mwanzoni, kijikebe cha waya kilichofungwa kwenye chuma cha katikati. Nilidhani ni pambo. Ni cha kushikia chupa ya maji, na yangu iliingia humo sawasawa. Nilipokauka koo katikati ya mteremko nikanyoosha mkono, nikaichukua chupa, nikanywa huku naendesha, nikairudisha. Watu walionipikia, walioniombea, walionililia, hakuna aliyewahi kufikiria mate yangu isipokuwa aliyetengeneza hiyo waya, na yeye hanijui.

Wanawake waliokuwa wakichuma chai kando ya barabara waliinua vichwa. Mmoja, jirani yetu, akashika kiuno.

"Baba Chela! Si walisema umekufa?"

"Nani alisema?"

"Watu."

"Waambie hao watu nimewapita na baiskeli."

"Basi ngoja kidogo, kuna chai kwa chupa hapa!"

Sikungoja. Mlima wa ng'ambo nikauingia kwa gia ndogo kabisa, ile ambayo miguu inazunguka kama ya mtu anayefukuza nzi na baiskeli inatambaa. Kifua kiliwaka. Mate hakuna. Nilishuka mara kadhaa nikasukuma, nikimtukana Kiprono kwa kila hatua, nikapanda tena. Huko nyuma nilikuwa mtu wa kukokotwa kwa kiti cha magurudumu, na sasa nilikuwa natokwa na jasho la kazi, jasho la kawaida la mtu mzima. Nilitaka kulia, lakini nilikuwa na hasira nyingi sana.

Kiprono alikuwa sebuleni na mkewe, Grace. Aliponiona mlangoni na tope la mtoni hadi mgongoni, kwa sababu haina madigadi, alisimama.

"Umekuja na nini?"

"Na miguu. Koito ni kwa nani?"

"Keti kwanza. Grace, lete chai."

Kwa kaka yangu mambo hayafunguliwi kabla mgeni hajamaliza kikombe chake. Hiyo ni heshima ya nyumba ya baba yetu na anaishika kuliko Biblia. Grace akaleta, ikitoa moshi. Kiprono akanywa yake. Mimi nikaiweka mezani nikaiangalia.

"Kunywa."

"Inapoa."

"Chai ikipoa si chai."

"Basi utangoja isiwe chai."

Akangoja. Akajaziwa kikombe cha pili. Yangu ikafanya utando juu. Grace akaenda jikoni akarudi, akakaa, akasimama. Nikajua nimemkamata mzee, maana hawezi kuniambia neno la koito na kikombe changu kimejaa, wala kunifukuza. Ilipokuwa vuguvugu nikaanza, funda dogo, kidevu kifuani kama nilivyofundishwa, nameza mara mbili. Nilikuwa naendelea vizuri. Halafu moja likapita njia mbaya, nikapaliwa, nikakohoa, macho yakanitoka machozi.

Nilipoinua uso Kiprono hakuwa kwenye kiti. Alikuwa amejibana ukutani, mikono imefunika mdomo. Mtu mkubwa, mzee wa kanisa.

"Baba alikufa hivyo," akasema. "Akinywa chai. Nilikuwa nimemshika."

"Baba alikufa na pumu."

"Haikuwa pumu. Ilikuwa koo. Wewe ulikuwa bwenini. Mama alisema tusikuambie, usije ukaacha mtihani. Baadaye ikawa tu hivyo."

Nilikaa pale nikihesabu mambo kichwani. Krismasi ile ya kabla sijapimwa tulikula kwake, na tonge lilinikwama, nikajigongagonga kifua mbele ya watoto, tukacheka.

"Uliniona nikikwama hapa mezani."

"Nilikuona."

"Ukajua."

"Nilijua. Nikaomba Mungu isiwe."

"Kiprono! Ungesema neno moja tu ningeenda hospitali kabla hata ya kupalilia! Mpira usingeingia tumboni! Sauti yangu ningekuwa nayo!"

Sikusema kwa kupaza, maana siwezi. Ilitoka kama chuma kikisuguliwa, na Grace akaanza kulia. Kiprono alikaa tena.

"Ndio maana sitaki ukae mbele," akasema. "Wageni wa Sigor watauliza kama kuna ugonjwa wa ukoo, ndiyo desturi. Wakikuona, wakikusikia, watajua bila kuambiwa. Watapanda gari warudi kwao. Unataka mtoto akataliwe kwa sababu yako?"

Hapo alinipata, na nilimchukia kwa kunipata. Niliondoka bila kuaga. Juu ya mlima nilisimama nikampigia simu Chelangat, nikamweleza yote, na habari za babu yake pia.

"Wakirudi kwao je?" nikamwuliza.

"Baba, mimi nilikuwa nakuacha kwa lile benchi kila asubuhi. Mtu akirudi kwao kwa sababu hiyo, arudi mapema. Lakini wewe uwe pale. Usinipeleke mbele ya watu na baba wa kukopa."

Koito ikawa kwangu, na Chelangat akaja kutoka Nairobi. Kiprono alikuja, akaketi kulia kwangu akiwa amekunja uso. Wageni waliingia kwa nyimbo, wakapewa mursik, maziwa yaliyogandishwa kwenye kibuyu, wakasifu ukuta mpya wa Rael. Waliulizana habari za ukoo na majina ya wazee mpaka ikaonekana hakuna undugu. Kisha baba ya kijana, mzee mnene mwenye kofia nzuri, akakohoa akasema ameambiwa aulize, ni desturi tu, asikasirike mtu: je, nyumba hii ina kifafa? Ina wazimu? Ina ugonjwa unaofuata damu?

Kiprono akafungua mdomo. Nikamshika goti.

"Sauti hii mnayosikia ni kansa ya koo," nikasema. "Nimechomwa, nimepona kwa sasa. Baba yangu alikufa nayo na tukaificha. Kama inafuata damu au inafuata chai, sijui. Lakini ipo, na binti yangu anajua kwamba ipo."

Mzee wa Sigor akavua kofia, akaivaa tena. "Tumesikia," akasema. "Sisi kwetu, asante Mungu, hakuna kitu."

Chakula kikaletwa. Nilikuwa sili, kwa hiyo nilikuwa naangalia wanaokula. Mke wake, mama ya kijana, alikuwa ameketi karibu na mlango. Alikata ugali vipande vidogo sana, akaloweka kwenye maziwa, akaweka mdomoni, kisha akageuza shingo upande huu na upande ule, akafumba macho. Nguo yake nzuri ya sherehe ilikuwa imekunjwa kiunoni kwa pini. Mimi naijua hiyo shingo. Ni yangu.

Mwanaume wa kwetu hamwulizi mama mkwe wa binti yake habari za mwili wake mbele ya watu. Nilijua. Nikauliza.

"Mama, unakwama hapa, ama hapa?"

Wanawake waliguna. Kiprono akanivuta mkono wa koti. Mzee wa Sigor akasema, "Mke wangu ana vidonda vya tumbo tu, anakunywa dawa." Yeye mama alimtazama mumewe kwanza, kama anayeomba ruhusa. Kisha akaweka kidole chini ya koromeo.

"Hapa."

"Tangu lini?"

"Tangu tulipopanda mahindi." Na mahindi nje yalikuwa yamekauka.

Nikasimama. Nilisema ng'ombe wangoje. Nilisema gari lililowaleta ligeuzwe sasa hivi, na Chelangat apande na huyu mama kwa sababu anajua kule hospitali kunaingiliwaje. Mzee wa Sigor naye akasimama, akasema tumalize kwanza mambo ya heshima, wageni hawaondoki katikati ya koito. Nilitaka kumwambia heshima hiyo imeua watu wangapi, lakini sauti ilikatika hapo hapo, ikabaki pumzi tupu. Nilipanua mdomo mbele ya watu wote na hakuna kilichotoka.

Kiprono akainuka polepole, akanisogeza nikae.

"Baba yetu alikufa na koo hilo nikiwa nimemshika," akawaambia wageni. "Washeni gari."